Kutafuta waya ndani ya ukuta uliokamilika: kalamu, skana, kifuatilia waya au kamera ya joto?

Swali la "kifaa gani kizuri cha kutafutia waya ukutani" huwa na maswali matatu ndani yake. Kuna mtu anayetaka kutoboa tundu la rafu au kabati, naye anauliza: hapa pana waya? Kuna anayetaka kuongeza soketi au kuhamisha swichi: waya huu unapita wapi? Na kuna mwenye taa isiyowaka ingawa balbu ni nzima: waya umekatikia wapi? Kifaa kinachomjibu wa kwanza vizuri kinaweza kisimsaidie wa tatu hata kidogo. Ndiyo maana ushauri wa "nunua hiki tu" huwaponza watu, na ndiyo maana sitataja mshindi mmoja.

Vigezo

Njia zote nimezipima kwa mambo yale yale: inasoma nini (umeme wenyewe, chuma, joto au ishara iliyopandikizwa), inafika kina gani, inaweza kukuambia ni waya upi au inasema tu kwamba kuna kitu, nini huipotosha, na inamfaa nani.

Kipotoshi ndicho ninachokipa uzito mkubwa. Kifaa hukosea kwa namna mbili. Kinaweza kulia mahali pasipo na waya, na hasara yako ni muda na usumbufu. Kinaweza pia kunyamaza juu ya waya wenye umeme, na hapo ncha ya drili inaingia kwenye kebo. Kwa hiyo katika kila njia jiulize kwanza: hunyamaza lini wakati haikupaswa kunyamaza?

Kusoma njia kwa macho

Inasoma nini: kazi ya fundi aliyetangulia. Waya haupitishwi ovyo. Hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi, hupanda wima kutoka sakafuni hadi kwenye soketi, au huenda mlalo kati ya soketi zilizo kimo kimoja. Kanuni za Uingereza za BS 7671 zimeliweka jambo hili kwa vipimo. Kebo iliyofukiwa chini ya milimita 50 kutoka usoni mwa ukuta, isipokuwa na kinga ya chuma yenye ethi, ipite katika mstari wima au mlalo unaotoka kwenye soketi au swichi inayoonekana, au ndani ya milimita 150 kutoka juu ya ukuta au kutoka kwenye kona ya kuta mbili. Ukuta ukiwa na unene wa milimita 100 au pungufu, soketi iliyo upande wa pili huhesabiwa upande wako pia. Hili la mwisho husahaulika sana: mtu anakagua chumba chake, haoni soketi, anatoboa, kumbe waya wa soketi ya chumba cha jirani unapita mgongoni mwa rafu yake.

Kuta za fremu ya mbao zina mantiki yake. Huko waya hushikizwa ubavuni mwa nguzo ya mbao au hupenyezwa katikati yake. Kanuni za Marekani zinataka tundu la kupenyezea waya liwe angalau milimita 32 kutoka ukingo wa mbao, la sivyo pawekwe bamba la chuma la kuukinga. Maana yake ni kwamba skrubu ndefu iliyolengwa katikati ya nguzo, mahali ambapo wengi hupaona salama kuliko pote, inaweza kuufikia waya.

Utambuzi na kina: njia hii haina kikomo cha kina, lakini inakisia. Unaweza kuupa ukisiaji huo nguvu kubwa kwa hatua moja. Zima umeme, hakikisha umezimika kweli, kisha fungua kifuniko cha soketi au swichi iliyo karibu. Angalia bomba la waya limeingia kwenye kasha kwa upande upi: juu, chini au ubavuni. Hilo peke yake hukuondolea nusu ya ukuta kwenye mashaka. Ukiweza kupanda darini na kuona mabomba yanaposhukia, bora zaidi.

Kipotoshi: ukuta uliowahi kubadilishwa. Soketi iliondolewa, kasha likafunikwa kwa plasta, waya ukabaki na umeme wake. Au fundi alitaka kuokoa mita mbili za kebo akaipitisha mshazari. Macho hayana dawa ya hayo.

Inamfaa nani: kila mtu, kama hatua ya kwanza. Aliyepiga picha kuta kabla hazijapigwa plasta, akaweka futi kamba ndani ya picha, ana ramani ambayo hakuna kifaa cha kuishinda.

Kalamu ya kupimia umeme bila kugusa

Inasoma nini: uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme inayosambaa nje ya waya wenye volti. Husoma umeme wa AC pekee, ule unaokwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde. Waya uliozimwa hauoni. Waya wa DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama ule unaotoka kwenye paneli za sola kabla ya kufika kwenye inveta, hauoni pia, ingawa waya huo unaweza kuwa na volti za kuua.

Kina: mdogo. Imetengenezwa kwa kusogezwa hadi kwenye ganda la waya au kwenye tundu la soketi, na chini ya plasta nene hupoteza uwezo upesi.

Utambuzi: inasema ndiyo au hapana kuhusu umeme, basi.

Kipotoshi: bomba la chuma lenye ethi au kebo yenye ganda la chuma huufungia uga ndani, na kalamu hunyamaza kabisa. Mwili wa anayeishika pia ni sehemu ya kipimo, kwa hiyo mtu aliye juu ya ngazi isiyopitisha umeme anaweza kupata jibu hafifu kuliko akiwa amesimama sakafuni. Upande mwingine, waya usiounganishwa popote ukilala sambamba na waya wenye umeme huokota volti kidogo, na kalamu hulia.

Inamfaa nani: anayetaka kuangalia haraka kama sehemu aliyozima imezimika. Hiyo ndiyo kazi yake halisi, na hata hapo kabla ya kugusa shaba fundi huthibitisha kwa kipimo cha kugusa chenye ncha mbili. Kama kitafuta waya ndani ya ukuta, kalamu ni msaidizi tu.

Skana ya ukuta

Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hukitazama kwanza dukani, na ndicho kinachotumiwa vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Inasoma nini: skana nyingi zina vihisi vitatu ndani ya kasha moja. Kimoja husikiliza uga wa umeme wa AC kama kalamu, ila kwa eneo pana. Cha pili hutafuta chuma kwa koili, na hiki huona shaba hata isipokuwa na umeme. Cha tatu hupima jinsi uwezo wa ukuta wa kushika chaji unavyobadilika kutoka mahali hadi mahali, nacho ni cha kutafutia nguzo za mbao nyuma ya bodi ya jipsamu. Vihisi hivi havifanyi kazi kwa ubora sawa, na skana ikiwa kwenye modi isiyofaa (ya umeme, chuma au mbao) utapata jibu la swali ambalo hukuuliza.

Kina: kwa waya wenye umeme, skana za kawaida hutaja milimita 50 hivi. Chuma kinene kama nondo huonekana mbali zaidi. Waya mwembamba wa shaba usio na umeme huonekana karibu tu. Usichukue namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ukadhani inahusu waya wako, kwa maana mara nyingi namba hiyo ni ya nondo.

Utambuzi: inaonyesha mstari, haisemi ni waya wa saketi ipi.

Kipotoshi: mambo ni mengi. Skana nyingi hujipanga zinapowashwa, na kile kilicho chini yake wakati huo hukichukua kama ukuta mtupu. Ukiiwasha juu ya waya, inaweza kukificha kile unachokitafuta. Anzia mahali tofauti, urudie kutoka upande wa pili, uone kama alama zinakutana. Ukuta wenye unyevu, au uliopigwa plasta juzi, hutawanya uga wa umeme hadi skana ikalia eneo zima. Vivyo hivyo chaji iliyokusanyika juu ya ukuta mkavu. Kuweka kiganja cha mkono wa pili juu ya ukuta, sentimita 20 hivi kutoka kwenye skana, huipunguza. Wavu wa chuma ndani ya plasta, karatasi ya alumini kwenye kizuia joto, na nguzo za chuma zisizo na ethi huufanya ukuta wote uonekane una waya, au huuficha waya ulio nyuma yake.

Halafu kuna kosa linalotokana na swichi. Waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa hauna umeme taa ikiwa imezimwa. Kabla ya kupitisha skana, washa kila swichi ya chumba hicho na cha upande wa pili. Ijaribu skana pia juu ya waya unaoujua, mathalani wima juu ya swichi, ndipo uende mahali unapopatilia shaka. Ikinyamaza juu ya waya unaojua upo, basi kwa ukuta huo ukimya wake hauna thamani.

Inamfaa nani: anayetoboa matundu ya kawaida kwenye bodi ya jipsamu au plasta kavu ya unene wa kawaida, na aliye tayari kupitisha kifaa mara kadhaa badala ya mara moja.

Kifuatilia waya: kisambaza ishara na kipokezi

Inasoma nini: ishara uliyoipandikiza mwenyewe. Kisambaza ishara hufungwa kwenye ncha ya waya, kwenye soketi au kwenye boksi la saketi breka, nawe unatembea na kipokezi ukisikiliza mlio unaopanda na kushuka.

Kina: kikubwa kuliko skana za kawaida, na hutegemea jinsi ulivyounganisha.

Utambuzi: hapa ndipo kinapozishinda njia nyingine zote. Kinakuonyesha waya huu, si waya wowote. Unaweza kuufuata kutoka kwenye soketi hadi kwenye breka yake, na waya ukiwa umekatika, mlio hufifia pale ulipoishia.

Kipotoshi: kikubwa ni muunganisho. Ukifunga ncha moja ya kisambaza ishara kwenye laivu na nyingine kwenye nyutro ya kebo hiyo hiyo, mikondo miwili iliyo pande kinyume hubatilishana na kipokezi husikia kidogo sana. Mafundi hufunga ncha moja kwenye waya unaofuatiliwa na nyingine kwenye ethi iliyo mbali, ili mkondo urudi kwa njia nyingine. Ishara pia huhamia kwenye nyaya zilizo sambamba, kwa hiyo unapokaribia punguza usikivu wa kipokezi hadi mlio ubaki mahali pamoja. Na kipotoshi kikuu zaidi ni kwamba kifaa hiki hakijui lolote kuhusu nyaya ambazo hukukiunganisha nazo. Ukuta ukiwa na kebo tatu, ukafuata moja, mbili zimebaki gizani.

Vifaa vya bei nafuu vya kufuatilia nyaya za simu na mtandao haviruhusiwi kufungwa kwenye waya wenye umeme wa nyumba. Soma kiwango cha volti kilichoandikwa kwenye kifaa. Kisipotajwa, zima saketi kwanza.

Inamfaa nani: anayehamisha au kurekebisha saketi, na anayetafuta mahali waya ulipokatikia. Kinahitaji mkono uliozoea nyaya, na asiyezoea afadhali amwite fundi umeme mwenye nacho.

Kamera ya joto

Inasoma nini: joto la uso wa ukuta. Waya unaopitisha mkondo hupata joto, joto hupenya plasta, na kamera huona mstari hafifu.

Hesabu yake inaeleza yote. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 ikilisha hita ya kilowati 2 kwa volti 230 hutoa joto la takriban wati 1 kwa kila mita. Ni kidogo, na punguza mzigo uwe nusu, joto hilo linashuka hadi robo, kwa kuwa hufuata mraba wa mkondo. Taa za LED hazitoi chochote ambacho kamera itakiona. Basi unalazimika kuchomeka mzigo mzito kwenye soketi unayoifuatilia, usubiri nusu saa au zaidi, ndipo uangalie.

Kina na kipotoshi: hufaa plasta nyembamba na bodi ya jipsamu. Ukuta uliopigwa jua, bomba la maji moto na vigae vinavyong'aa huchora mistari isiyohusiana na umeme. Waya usio na mzigo hauonekani hata ukiwa na volti kamili. Kwa sababu hiyo kamera haiwezi kukupa ruhusa ya kutoboa.

Inamfaa nani: aliye nayo tayari, au anayeshuku kiungo kibovu. Kiungo kilicholegea hupata joto kuliko waya uliobaki, na doa hilo kamera hulionyesha vizuri. Kwa hilo tu inastahili heshima.

Rada ya ukuta

Hutuma mawimbi ya redio na kusoma yanavyorudi kila vitu viwili tofauti vinapokutana ndani ya ukuta. Kwa hiyo huona waya ulio na umeme na usio nao, bomba la plastiki, mbao na uwazi, na nyingi hutaja kina pia. Katika zege kavu hufika mbali kuliko skana ya kawaida. Zege bichi na unyevu hulidhoofisha wimbi, na karatasi ya chuma hulizuia. Picha yake inahitaji kusomwa: inaonyesha umbo, na wewe ndiwe unayeamua kama umbo hilo ni waya au nondo. Ni ghali, na inawafaa wanaotoboa zege mara kwa mara au wanaoweza kuikodi kwa kazi moja kubwa.

Usivyopaswa kuvitegemea

Sumaku haishiki shaba wala alumini; itakuonyesha misumari na mabomba ya chuma. Programu za simu hutumia kihisi cha dira, ambacho husoma usumaku. Ndani ya kebo, laivu na nyutro hubeba mikondo iliyo sawa na kinyume, hivyo usumaku wao karibu unabatilishana. Simu italia juu ya msumari na kunyamaza juu ya kebo. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo inahitaji kugusa shaba yenyewe, kwa hiyo haina kazi juu ya ukuta uliofunikwa.

Uchague kwa hali yako

Unatundika rafu au televisheni kwenye bodi ya jipsamu au plasta kavu: anza na macho, kisha skana yenye kihisi cha umeme na cha chuma, swichi zote zikiwa zimewashwa. Chora alama kwa penseli. Ukishamaliza kutafuta, zima saketi za chumba na utumie drili ya betri. Kutafuta kunahitaji umeme uwepo, kutoboa kunahitaji usiwepo, na wengi hufanya yote mawili katika hali moja. Chagua skrubu fupi inayotosha mzigo, na funga utepe kwenye ncha ya drili kuonyesha kina cha mwisho.

Unahamisha soketi au unataka kujua saketi inavyozunguka nyumba: kifuatilia waya, kikianzia kwenye kebo inayohusika. Kabla ya kukata ukuta, pitisha na skana ili kuona nyaya ambazo hukuzifuatilia.

Waya umekatika: kifuatilia waya tena, saketi ikiwa imezimwa. Skana ya umeme, saketi ikiwa imewashwa, inaweza kusaidia pale inapoacha kulia, ila usiitegemee peke yake.

Soketi ina joto au kuna harufu ya plastiki inayoungua: zima saketi hiyo na umwite fundi. Kamera ya joto ni yake kuitumia, akiirudisha saketi kwa muda chini ya uangalizi wake.

Jengo ni la zege au lina nondo nyingi: kodi rada, au mpe kazi mwenye nayo. Skana ya kawaida itakuonyesha nondo moja baada ya nyingine, na baada ya dakika kumi utaanza kuzipuuza alama zake, hali ambayo ni mbaya kuliko kutokuwa na skana.

Nyumba ina sola na nyaya za DC ukutani: tafuta kwa kihisi cha chuma au rada, kwa kuwa kihisi cha umeme wa AC hakitaziona. Kumbuka pia kwamba kuzima meni swichi hakuondoi volti kwenye nyaya zinazotoka kwenye paneli jua likiwaka.

Nyumba ni ya zamani, imekarabatiwa mara nyingi, na vifaa vinapingana: hamisha tundu, hata kwa sentimita 15, mbali na mistari yote ya wima na mlalo ya soketi na swichi za pande zote mbili. Usipoweza kulihamisha, zima meni swichi, hakikisha kwa kipimo cha kugusa ulichokijaribu kwanza kwenye chanzo chenye umeme, kisha fungua plasta kwa mkono, tindo ikiwa imelazwa na mapigo mepesi, hadi uone kwa macho yako kilichopo.